Mchezaji aliyezunguka timu nyingi akipewa timu ya sekondari, aanzie wapi?

Mlezi_Michezo

Habari za kazi wadau wa kikapu. Naomba ushauri wa wanaojua. Shule yetu inataka kumkabidhi timu ya wavulana mchezaji mstaafu. Amechezea vilabu vingi, mara msimu mmoja hapa, mara nusu msimu pale, muda mwingi akitokea benchi. Mpira anaujua, ila kufundisha hajawahi. Baadhi ya walimu wanasema mtu aliyehamahama hivyo hawezi kujenga timu. Wengine wanamtaja Earl Boykins, aliyezungukia timu lukuki za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kisha akaenda kufundisha sekondari.

Hali yetu ni hii: wanafunzi 16, uwanja wa saruji wa nje, mipira 5, mazoezi siku 3 kwa wiki dakika 90 kila siku, na zimebaki wiki 6 kabla ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Mtu wa namna hii anakuja na nini hasa, na anapungukiwa nini? Wiki hizo 6 azigawe vipi? Na kuna utaratibu gani shule iumalize kabla hajashika filimbi?

Ribaundi_ya_Pili

Mwalimu, hiyo hoja kwamba kuhamahama ni dalili ya kutotulia msiipe nafasi. Kule NBA mchezaji wa aina hiyo huhamishwa na mikataba. Kuanzia Januari 5 timu inaweza kumsajili mtu kwa siku 10 tu, au mechi 3 kama siku 10 hazikufikisha mechi hizo. Timu ileile inaruhusiwa kumpa mikataba miwili ya hivyo kwa msimu mmoja. Baada ya hapo imchukue mpaka msimu uishe, au imwache aende. Maana yake mtu anafika mji mgeni, anapewa mipango ya timu leo, na kesho anaweza kuitwa uwanjani kwa dakika 4. Asipojua asimame wapi katika dakika hizo, mkataba wa pili haupo.

Boykins ni mfano mzuri kwelikweli. Alitoka chuo cha Eastern Michigan mwaka 1998 na hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, yaani zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya. Urefu wake sentimita 165, uzito kama kilo 60. Alipita New Jersey, Cleveland, Orlando, Clippers na Golden State, akaja kutulia Denver mwaka 2003, na hata huko alikuwa mtu wa kutokea benchi. Novemba 2004 akiwa Denver aliwafunga Detroit, mabingwa wa msimu uliotangulia, pointi 32. Januari 2005 alifunga pointi 15 ndani ya dakika 5 za muda wa ziada dhidi ya Seattle. Baadaye akapita Milwaukee, Charlotte, Bologna ya Italia, Washington, Milwaukee tena na Houston. Baada ya hapo ndipo akafundisha timu ya Douglas County High School, Castle Rock, Colorado, kisha akahamia kwenye mabenchi ya vyuo.

Sasa, mtu kama huyo anakuja na nini? La kwanza ni kuelewa mfumo haraka. Ameshaona timu kumi zikiitetea skrini ileile, yaani mchezaji kusimama kumzuia mlinzi wa mwenzake, kwa njia tano, kwa hiyo akitazama mpinzani robo ya kwanza anajua mlango uko wapi. La pili, na kwangu ndilo kubwa, anajua maisha ya mchezaji wa 8 mpaka wa 12. Timu ya shule ina wachezaji 12 kwenye orodha na 5 tu uwanjani. Nyota aliyestaafu mara nyingi hajui la kumwambia kijana wa 11. Huyu wako anajua, kwa sababu alikuwa ndiye huyo: namna ya kukaa mkao wa kuingia, kumtazama unayekwenda kumkaba kabla hujaitwa, na kufanya jambo moja sahihi ndani ya dakika mbili.

Anachopungukiwa ni ngazi za kufundishia. Yeye husahihisha kosa la mtu mzima anayejua msingi. Kijana wa kidato cha pili akikosa leiapu, yaani mtupo wa karibu na goli unaopigwa kwa hatua mbili, tatizo linaweza kuwa mguu wa kurukia, macho, au hatua ya mwisho ndefu mno. Mchezaji aliyefanya tendo hilo mara elfu nyingi halioni tena vipande vipande. Mpeni mwalimu wa kukaa naye awe anamuuliza, "Umeona kosa gani hasa?" mpaka azoee kutaja sehemu moja ya mwili badala ya kusema "jitahidi".

Na msimpime kwa makombe ya wengine. Watu watawatajia Brandon Roy, mchezaji wa zamani wa NBA aliyeichukua Nathan Hale ya Seattle ikiwa imetoka msimu wa ushindi 3 na vipigo 18, akaipeleka 29 kwa 0 msimu wa 2016–17. Ni kazi kubwa, na tuzo ya kocha bora wa sekondari Marekani aliistahili. Ila msimu uleule kijana nyota Michael Porter Jr. alihamia pale kutoka Missouri baada ya baba yake kupata kazi chuo kikuu cha Washington. Kocha wenu hana Porter. Mpimeni kwa mipira inayopotea kila mechi na kwa leiapu zinazoingia.

Kocha_wa_Saruji

Nianzie kwenye hesabu. Wiki 6 mara siku 3 ni vipindi 18, na 18 mara dakika 90 ni saa 27. Toa maji, kuchelewa na mvua, zinabaki kama 22. Hapo ndipo wachezaji wastaafu wengi wanapoharibu: wanaleta mipango 15 waliyotoka nayo vilabuni. Ndani ya saa 22 timu ya shule inaweza kujua vizuri mambo matano. Shambulizi moja la nusu uwanja, njia moja ya kuvunja presi (wapinzani wakikubana uwanja mzima), mpira mmoja wa kuingiza kutoka chini ya goli, mmoja wa kuingiza kutoka pembeni, na ukabaji wa mtu kwa mtu. Zoni, yaani kukaba eneo badala ya mtu, iongezwe wiki ya 5 kama kuna muda, isipokuwepo si hasara.

Kabla ya yote, apime uwanja. Viwanja vya shule vimechorwa kwa kukadiria. Ringi iwe mita 3.05 kutoka chini, na kwenye saruji iliyobomoka utakuta upande mmoja ni 2.95. Mstari wa mitupo huru uwe mita 4.60 kutoka uso wa ubao. Mstari wa pointi tatu ni mita 6.75 kutoka katikati ya ringi, na kitovu hicho kiko mita 1.575 ndani ya mstari wa mwisho. Timazi, kamba na chaki vinatosha. Timazi ining'inie katikati ya ringi, uweke alama chini, kisha uzungushe kamba ukianzia kwenye alama hiyo. Kule pembeni mstari unanyooka, sentimita 90 kutoka mstari wa ubavuni. Vijana waliozoea mstari wa mita 6 wakifika wilayani mitupo yao inaishia mbele ya ringi, na kocha anadhani ni woga.

Mipira nayo. Idondoshe kutoka mita 1.8, ukipima chini ya mpira. Ikidunda, juu ya mpira pafike kati ya mita 1.2 na 1.4. Mpira laini unamfundisha kijana kudribu kwa kupiga kofi.

Kipindi cha dakika 90 nakipanga hivi. Dakika 10 za kupasha mwili kwa mwendo na kutua kwa miguu miwili. Dakika 15 za leiapu na pasi, mkono wa kulia na wa kushoto. Dakika 20 za ukabaji. Dakika 15 za shambulizi, dakika 20 za mchezo wenye sharti, halafu dakika 10 za mitupo huru wakiwa wamechoka. Kwa watu 16 na mipira 5 usipange foleni ya watu 8 kwenye goli moja, maana kijana atagusa mpira mara 6 tu ndani ya robo saa. Wagawe vikundi vinne vya watu wanne, kila kikundi mpira mmoja, viwili kwenye magoli na viwili katikati kwa pasi na kudribu, mbadilishane kila dakika 4. Mpira wa tano ubaki kwa kocha.

Ukabaji uanze na wanne kwa wanne bila kufunga. Washambuliaji wanne wanasimama nje ya boksi, lile eneo lililochorwa mbele ya goli, wakipasiana polepole. Aliye na mpira anakabwa umbali wa mkono. Aliye umbali wa pasi moja kutoka kwenye mpira anafunikwa kwa mkono mmoja kwenye njia ya pasi, mguu mmoja nyuma. Mlinzi wa upande wa mbali anasogea mpaka mguu mmoja uwe ndani ya boksi, anyooshe mkono mmoja kwa mpira na mwingine kwa mtu wake. Mpira ukiwa hewani wote wanne wahame, wasisubiri ufike. Kosa la kila siku ni yule wa mbali kumganda mtu wake, boksi likabaki wazi. Simamisha mchezo, usiseme neno, waache waangalie nani yuko mahali si pake, waseme wao. Kocha akionyesha kila kitu kwa mwili wake vijana watapiga makofi na hawatajifunza.

Shambulizi liwe la watano nje: pasi, kata kuelekea golini, jaza nafasi. Nafasi kati ya mtu na mtu iwe mita 4 mpaka 4.5. Akijaribu nafasi pana za NBA, pasi za vijana zitakamatwa njiani kwa sababu mikono haijapata nguvu.

Wiki ya 1 na 2 msingi na ukabaji, ya 3 shambulizi na kuvunja presi, ya 4 mipira ya kuingiza, ya 5 mechi mbili za kirafiki. Wiki ya mwisho punguza vipindi viwe vya dakika 60.

Dada_Gadi

Nakubaliana na Kocha_wa_Saruji, naongeza la gadi mfupi, yaani mwongoza mpira wa timu, maana Boykins ametajwa na kila shule ina kijana wa sentimita 165 anayeambiwa asipeleke mpira golini.

Gadi mfupi anahitaji mtupo wa kuelea, ule unaopigwa kati ya leiapu na mtupo wa kawaida, mita 2 mpaka 3.5 kutoka golini. Ubao unaanzia mita 2.90 na kuishia mita 3.95 kutoka chini. Mpira upande mpaka uvuke ukingo wa juu wa ubao, kisha ushuke. Ukipita chini ya hapo senta, mlinzi mrefu wa chini ya goli, ataupangua. Aanze bila kudribu, hatua mbili, aruke juu bila kwenda mbele, na mpira utoke mkononi mapema, akiwa bado anapanda. Kiwiko kinyooke, kiganja kisukume, mpira usizunguke sana. Kisha mtu asimame mita 1.5 mbele ya goli ameinua ufagio wa mti mrefu, ncha ifike kama mita 2.7. Alenge mitupo 5 inayoingia kutoka sehemu 3, mkono wa kulia, halafu wa kushoto.

Kosa kubwa ni kuruka mbele. Mwili unamgonga mlinzi aliyesimama, na refa anaita faulo ya mshambuliaji. Ukiona hivyo chora mstari wa chaki mahali pa kurukia na mwingine sentimita 40 mbele, atue ndani yake. La pili ni kudribu kwa kasi ileile mpaka mwisho. Aliye mfupi hula watu kwa kubadili kasi: dribo mbili za kasi, moja ya pole mlinzi anyanyuke, kisha moja ya kasi. Na awe na nguvu. Boykins mwenye kilo 60 alikuwa anasukuma kilo 143 akiwa amelala kwenye benchi la vyuma. Vijana wa shule wasiige uzito huo. Pushapu, kujivuta juu kwenye mtambaa panya na kuchuchumaa kwa uzito wa mwili vinatosha.

Saruji ni ngumu kwa magoti. Kijana aliye kwenye ukuaji akilalamika maumivu kwenye nundu iliyo chini ya kofia ya goti, pale mshipa unapoungana na mfupa, usimwambie avumilie. Mpunguzie kuruka na kukimbia mpaka maumivu yashuke, abaki na mitupo huru na pasi. Kifundo kikiteguka, mwambie atembee hatua nne. Akishindwa, au ukibonyeza mfupa wa pembeni wa kifundo akaumia sana, apelekwe kupigwa picha. Wachezaji wa kuhamahama wamezoea kucheza na maumivu ili wasipoteze mkataba, na wasipoangalia wanaihamishia tabia hiyo kwa watoto. Shule imweleze tangu siku ya kwanza.

Mlezi_Michezo

Asanteni sana, hii ni darasa. Mambo mawili zaidi. Tuna kijana wa mita 1.98 aliyeanza kikapu mwaka huu. Je, akae chini ya goli tu? Na lile la utaratibu bado.

Ribaundi_ya_Pili

Kijana mrefu aliyechelewa asihukumiwe mapema. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15 hapa Dar es Salaam, na mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 kwenye drafti ya NBA na Memphis. Mfundisheni kwanza miguu. Kutua kwa miguu miwili, kugeuka kwa mguu mmoja, kushika mpira juu ya kidevu viwiko nje. Asiushushe mpira chini ya kiuno baada ya ribaundi, maana magadi wafupi wanauiba hapo. Ukabaji wake uanze na kuruka mikono ikiwa wima. Senta mpya akipiga mkono chini anapata faulo 3 kabla ya mapumziko, na faulo ya 5 inamtoa. Ndani ya boksi la wapinzani azoee kutoka kabla sekunde 3 hazijaisha, kwa miguu yote miwili.

Meza_ya_Marefa

Kwa utaratibu, shule iandike barua ya kazi yenye kipindi, malipo, nani anamsimamia, na kwamba mwalimu mmoja atakuwepo kila mazoezi na kila safari. Kule Marekani kocha wa sekondari mara nyingi hulipwa posho ya msimu tu, hata kama alikuwa NBA, na kabla ya kuanza huchunguzwa rekodi zake na kufanya kozi za huduma ya kwanza na majeraha ya kichwa. Hapa pia mtakeni apate mafunzo ya huduma ya kwanza. Kila mchezaji awe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi.

La pili ni usajili wa wanafunzi. Mchezaji wa zamani ana jina, na wazazi watamletea watoto kutoka shule nyingine. Asiahidi ada, nauli wala nyumba. Penny Hardaway, mchezaji wa zamani wa NBA, alishinda ubingwa wa jimbo la Tennessee mara tatu mfululizo akiwa na East High ya Memphis, 2016 mpaka 2018. Mwaka 2017 chama cha michezo ya shule cha jimbo kilimzuia mchezaji wake James Wiseman kwa sababu Hardaway alikuwa amemfundisha kabla hajahamia pale, na kijana akacheza kwa amri ya mahakama. Dola 11,500 ambazo Hardaway aliipa familia yake kwa ajili ya kuhama ziliibuka tena chuoni mwaka 2019, na Wiseman akafungiwa mechi 12. Msaada wowote kwa mwanafunzi upitie kwa mkuu wa shule, kwa maandishi.

La tatu wengi hulisahau: kanuni za meza, pale wanapokaa wanaoandika pointi na kutunza saa. Kocha mpya aliyezoea kucheza hudhani anaweza kumpigia refa kelele "taimauti", yaani kuomba mapumziko mafupi, mpira ukiwa unachezwa. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kocha au msaidizi wake ndiye anayeomba, anaomba mezani, na anapewa mpira ukiwa umekufa (hauchezwi) na saa imesimama, au wapinzani wakifunga kikapu. Zipo 2 nusu ya kwanza na 3 nusu ya pili, ila dakika 2 za mwisho za robo ya nne huwezi kutumia zaidi ya 2. Akizitunza zote tatu mpaka hapo, moja imepotea.

Faida ambayo timu za shule hazichukui ni hii. Dakika 2 za mwisho za robo ya nne, mpira ukiwa wa kuingizwa kutoka nusu yako, ukipewa taimauti una haki ya kuchagua kuuingiza kutoka pembeni mwa nusu ya wapinzani. Kocha anamwambia refa uamuzi wake taimauti inapoisha. Presi yote unaikwepa, ila saa ya shambulizi, ule muda wa timu kurusha mpira golini, haitazidi sekunde 14 badala ya 24, kwa hiyo ule mpira mmoja wa kuingiza kutoka pembeni uwe umefanyiwa mazoezi kwa hesabu ya 14. Kabla ya mashindano aulize waandaaji kama kuna saa ya shambulizi mezani. Ikiwa hakuna, refa atahesabu kichwani, na vijana wajue hesabu ya mtu huwa na haraka kuliko saa.